Kasri la Kale kwa saksafoni nne: kisa cha noti moja isiyonyamaza

Kundi la wapuliza saksafoni wanne, soprano, alto, tenori na baritoni, lilitaka kipande cha Kirusi cha kufungia nusu ya kwanza ya onyesho lao. Kiwe kimeandikwa kwa piano, kisizidi dakika sita, na kisihitaji mtu wa tano. Jibu walikuwa nalo tayari: "Il vecchio castello", yaani Kasri la Kale, kutoka "Picha za Maonyesho" ya mtunzi Mrusi Modest Mussorgsky, mkusanyiko wa vipande vya piano. Mimi, niliyepewa kazi ya kuwapangia, nilipouliza kwa nini hicho, wote walitaja jina moja: Ravel.

Si mahali pabaya pa kuanzia. Mtunzi Mfaransa Maurice Ravel alipoipanga kazi hiyo kwa okestra mwaka 1922, kwa ombi la kondakta Serge Koussevitzky, wimbo wa kasri aliukabidhi kwa saksafoni ya alto. Ndipo mahali pekee saksafoni inaposikika katika mpangilio wote ule. Mpigaji anapuliza dakika zake chache mapema, kisha anakunja mikono mpaka Lango Kuu la Kiev, picha ya mwisho, lifike na kuisha. Kwa dakika hizo chache, wapenzi wa saksafoni wamelichukulia kasri hili kuwa mali yao.

Ila kilichoifanya alto ya Ravel ing'ae ni kwamba imezungukwa na vitu visivyo saksafoni. Mbele yake kunatangulia basuni, chini yake kuna nyuzi. Ukiiweka katikati ya ndugu zake watatu, upekee ule umekwisha. Kwa hiyo swali walilokuja nalo, nani aimbe, halikuwa swali gumu. Mzizi wa fitina ulikuwa chini, kwenye noti moja ambayo wasikilizaji wengi hata hawaitambui mpaka uiondoe.

Maelezo kidogo kwanza. Mussorgsky aliandika "Picha" mwezi Juni 1874, akimkumbuka rafiki yake Viktor Hartmann, msanifu majengo na mchoraji aliyefariki mwaka mmoja kabla. Mhakiki wa sanaa Vladimir Stasov alikuwa amesaidia kuandaa maonyesho ya kazi za marehemu katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme, St Petersburg, na Mussorgsky akatoka mle na muziki kichwani. Picha ya kasri lenyewe haipo leo. Tulichobakiwa nacho ni maelezo ya Stasov: kasri la zama za kati, na mbele yake mwimbaji wa kuzurura anaimba. Muziki uko katika G shapu maina (shapu hupandisha noti nusu hatua, flati huishusha; maina ni ufunguo wa huzuni, meja wa furaha), mapigo sita kwa nane, baa, yaani vipimo, 107, na maagizo ya kwamba uimbwe kwa huzuni.

Na chini ya baa hizo kuna G shapu. Inaanza na kipande na inagongwa baa baada ya baa, huku juu yake kila kitu kikisogea. Wanamuziki huiita noti ya pedali, kwa sababu wapiga ogani huikanyaga kwa mguu na kuiacha iendelee wakati mikono inafanya mengine. Ladha yote ya kasri iko kwenye msuguano huo: wimbo unapotoka nyumbani, besi inakataa kutoka. Ukiisogeza besi ifuate kodi za juu, yaani noti zinazopigwa pamoja, kama ambavyo mpangaji mwenye mazoea ya kwaya angefanya bila kufikiri, unabaki na wimbo mzuri wa huzuni wa kawaida tu. Nyimbo kama hizo zipo nyingi na hazikuhitaji kutoka St Petersburg.

Kwenye piano noti ile haina gharama. Kidole kinagonga, waya unalia, sauti inafifia yenyewe, kidole kinagonga tena. Kwenye saksafoni kuna binadamu anayehitaji kuvuta pumzi, na sauti yake haififii mpaka yeye aamue. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Turudi kwenye chombo chenyewe. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi Paris, aliipatia hataza familia hii mwaka 1846. Faida yake kubwa ni kwamba vidole ni vilevile kwenye saksafoni zote, hivyo mpiga alto anaweza kushika baritoni kesho na asipotee. Bei ya faida hiyo ni kwamba noti inayoandikwa siyo inayosikika. Soprano na tenori ni za Bb (B flati), alto na baritoni ni za Eb (E flati). Tenori ikisoma C, sikio linapata Bb iliyo chini yake kwa oktava moja na hatua moja. Baritoni ikisoma C, sikio linapata Eb, oktava moja na sita kubwa (hatua nne na nusu) chini.

Sasa G shapu maina ina shapu tano. Ukiiachia programu ya nota ihamishe bila kuisimamia, tenori inaletewa A shapu maina yenye shapu saba, na alto inaletewa E shapu maina, ambayo ingedai shapu nane, kitu ambacho hakiandikwi mwanzoni mwa mstari kwa mtu unayempenda. Njia ya kutokea ni kuiita G shapu kwa jina lake la pili, A flati. Hapo soprano na tenori zinaangukia Bb maina, flati tano. Alto na baritoni zinaangukia F maina, flati nne. Si chepesi, lakini kinasomeka.

Baritoni aliposikia flati nne na tenori aliposikia tano, pendekezo lilikuja papo hapo: shusha nusu hatua. G maina. Soprano na tenori wangesoma A maina, bila shapu wala flati hata moja, na wale wa Eb wangesoma E maina yenye shapu moja. Nani atakayejua? Kwa msikilizaji asiye na sikio kamili, la kutambua noti kwa kuisikia tu, tofauti ya nusu hatua haipo.

Nilikataa, na sababu haikuwa heshima kwa Mussorgsky. Sababu ilikuwa noti ya chini kabisa ya tenori.

Saksafoni ya tenori, vitufe vyote vikiwa vimefungwa, inatoa Bb ya chini ya maandishi, na Bb hiyo inasikika A flati: ile ambayo, ikiandikwa G shapu, inakaa kwenye mstari wa chini kabisa wa ufunguo wa besi. Ndiyo G shapu yetu. Ndiyo pedali yenyewe, oktava ileile. Mussorgsky hakuwa akiwaza saksafoni alipoandika, lakini besi yake imetua juu ya sakafu ya tenori bila hata unywele kupita kati. Shusha kipande nusu hatua, na noti hiyo inaanguka nje ya tenori. Alto haiwezi kuisaidia, maana yenyewe inaishia Db iliyo juu ya pale. Baritoni anabaki peke yake na pedali ya baa 107.

Baritoni kwa upande wake haina tatizo la noti. A flati ile kwake ni F ya maandishi, iliyo sehemu ya chini ya chombo lakini bado mbali na sakafu: noti thabiti, inayokubali kupulizwa kwa sauti ndogo. Tatizo lake ni mapafu tu.

Palikuwa na mlango wa tatu: kupandisha nusu hatua, mpaka A maina. Hapo pedali bado iko ndani ya tenori, na nota zinasomeka vizuri, shapu mbili kwa wa Bb na tatu kwa wa Eb. Nusura niuchukue. Kilichoufunga ni kwamba kundi lilitaka kutanguliza Promenade inayokuja kabla ya kasri, ule muziki wa mtazamaji anayetembea kutoka picha hadi picha. Promenade hiyo iko katika A flati meja. Ipandishe nusu hatua pamoja na kasri, na soprano na tenori wanasoma B meja yenye shapu tano, alto na baritoni wanasoma F shapu meja yenye sita. Mzigo haujapungua, umehamishwa bega tu. Katika ufunguo wake wa asili, Promenade inawapa wa Bb flati mbili na wa Eb flati moja; na wanapofungua ukurasa wa kasri, nyumbani ni palepale. Aliyekuwa Bb meja anaingia Bb maina. Aliyekuwa F meja anaingia F maina. Kwenye karatasi ya piano uhusiano huo umefichika, kwa sababu Mussorgsky anatoka kwenye flati na kuingia kwenye shapu. Kwenye karatasi za saksafoni unaonekana kwa macho.

Wawili kati ya wanne hawa wamelelewa na solfa kanisani, na wao ndio waliotulia haraka zaidi. Kwa mtu wa solfa, huzuni ni nyumba ya "la", na pedali yote ni "la" tu, iwe inaitwa G shapu, Bb au F. Mazoezini tulipochanganyikiwa majina, na tulichanganyikiwa kwelikweli pale mtu mmoja aliposema "F yangu" na mwingine "Bb yangu" wakimaanisha sauti ileile, tuliishia kusema "la ya chini" na kuendelea.

Ufunguo ukaamuliwa. Ikabaki kuipiga hiyo noti.

Bb ya chini ya tenori ni noti yenye kiburi. Saksafoni ni bomba linalopanuka kama faneli, na bomba lote likiwa limefungwa hewa inapaswa kusafiri mpaka mdomo wa mwisho ndipo noti izaliwe. Ukiianza kwa ulimi na kwa sauti ndogo, mara nyingi haitoki. Inaguguma oktava ya juu kwanza, kisha inashuka kwa kishindo. Kwa sauti kubwa inatoka bila ubishi, lakini kasri haliombi sauti kubwa. Wapuliza dansi wanajua dawa yake: legeza taya, rudisha mdomo wa chini nyuma kidogo, hewa iwe ya joto na ya polepole, kama unayepuliza kioo kiingie ukungu. Sauti inayotoka ina pumzi nyingi na mng'ao mdogo, na kwa kipande hiki ndiyo hasa inayotakiwa. Kuna wanaoziba mdomo wa saksafoni kwa kitambaa ili kupunguza makali. Kwa noti hii usithubutu: inatokea kwenye mdomo huohuo, ukiuziba inashuka au inagoma kabisa.

Hata hivyo sikumpa tenori kuianza kutoka kimya. Pedali ni ya baritoni, na tenori anaipokea sehemu chache tu. Anaingia wakati baritoni bado yumo, nusu baa hivi, chini ya sauti ambayo tayari ipo, na baritoni anatoka akiwa amefunikwa. Kama Bb ikichelewa kuzaliwa, hakuna anayejua. Baada ya baa chache wanarudishiana kwa njia ileile. Rangi zao hazifanani, tenori ya sakafuni ni nzito na ina chembechembe, baritoni ya pale ni laini. Na nilipendekeza baritoni aongeze ukali kidogo kabla ya kukabidhi, si tenori ajaribu kujipunguza. Kwenye Bb ya chini tenori hana pa kupunguzia.

Sehemu zilizobaki baritoni anajitegemea. Msaada wake mkubwa ni kwamba Mussorgsky anaigonga pedali upya kila baa. Kwa hiyo sikuandika noti ndefu zilizofungwa kwa upinde kutoka baa hadi baa, kosa ambalo nimeliona katika mipangilio mingi ya noti za pedali kwa vyombo vya kupuliza. Kila baa ina mwanzo laini na alama ya kufifia, kama piano inavyofifia. Baritoni akifuata alama hizo, mwisho wa baa sauti yake tayari imekwisha, na pumzi ya haraka inapita pale bila kuacha tundu. Inabidi tu aivute wakati wimbo unakaa juu ya noti ndefu, siyo wakati nao unavuta. Nilimwekea alama za koma mahali pa pumzi, naye akazifuta karibu zote na kuweka zake. Ni haki yake.

Piano ina vidole kumi, kundi hili lina sauti nne. Baritoni akishika pedali na mmoja akiimba, wamebaki wawili wa kubeba kila kitu kingine. Chukua kodi ya saba ya Eb juu ya pedali: Eb, G, Bb, Db. Wimbo ukiwa kwenye Bb, wawili waliobaki wapewe G na Db, maana hizo mbili ndizo zinazouma. Eb yenyewe sikio linaijaza. Kosa rahisi ni kumpa mtu A flati ya kati kwa sababu ipo kwenye nota za piano. Pedali tayari inaisema A flati kila baa. Kuirudia katikati ni kumpotezea mtu mmoja kati ya wanne. Nilifanya hesabu hiyo kipande kizima, na pale ilipolazimu kuchagua kati ya kodi iliyojaa na mstari wa ndani unaoimbika, nilichagua mstari. Mpuliza wa kati akipewa noti zinazorukaruka kujaza matundu, atazipiga zikiwa na matundu.

Hapa ndipo nilipotazama kwa Glazunov. Aleksandr Glazunov, mtunzi Mrusi, mwanafunzi wa mtunzi mwenzake Rimsky-Korsakov na kwa miaka mingi mkuu wa konsavatori ya St Petersburg, aliondoka Urusi mwaka 1928 na kuishia Paris. Huko alisikia kundi la mpuliza saksafoni Marcel Mule, na mwaka 1932 akawaandikia kwateti ya Bb meja, kazi ambayo wapuliza saksafoni wanne wa dunia nzima bado wanaishindania. Kipande chake cha kati kinaanza kama wimbo wa kanisani, sauti nne zikitembea pamoja, kila moja ikiwa na wimbo wake wa kuridhisha. Mrusi wa shule ileile ya kale alipokutana na chombo hiki, alikiona ni kwaya. Mpangaji wa Mussorgsky hahitaji ruhusa nyingine.

Kuhusu nani aimbe, tulimaliza haraka. Utangulizi wa chini, ule ambao Ravel aliupa basuni, ni wa tenori. Umekaa kwenye sehemu yake yenye joto na hakuna haja ya ubunifu. Wimbo wenyewe unaanza kwa alto. Soprano ananyamaza ukurasa mzima wa kwanza. Alilalamika, na malalamiko yake yalikuwa na msingi, kwa kuwa ndiye anayeongoza kundi na watu wanakuja kumsikia. Lakini soprano akiingia mapema, hakuna pa kwenda tena. Sauti tatu zikitosha mwanzoni, ya nne inapoingia wimbo unaporudi ni kama dirisha limefunguliwa upande wa pili wa ukumbi. Na alto, kwa sababu F maina yake ina Db, alipata taabu yake ya pembeni. Db ya katikati ya alto hupigwa bila kubonyeza kitufe chochote, na kwa sababu hiyo ni noti nyembamba isiyotulia. Ilitosha kumwambia afunge vidole vya Db ya chini na kuongeza kitufe cha oktava. Noti ikapata kifua.

Jambo moja la karatasi. Nilifanya kazi kutoka nota za piano, siyo kutoka okestra ya Ravel. Mussorgsky alifariki mwaka 1881, kazi yake ni huru, haina hakimiliki tena. Chaguo za Ravel ni za Ravel. Na hata nota za piano, angalia unashika zipi. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1886 baada ya Rimsky-Korsakov kulipitia na kurekebisha alichoona hakifai, na Ravel alitumia toleo hilo. Mfano unaojulikana ni "Bydło", mkokoteni wa ng'ombe: Mussorgsky anauanza kwa nguvu zote, Rimsky akauanza kwa upole ukija kwa mbali. Toleo la Pavel Lamm la mwaka 1931 ndilo lililorudi kwa alichoandika mwenyewe. Kwa kasri tofauti ni ndogo, ila mpangaji anayesema "nimeheshimu asili" aseme ni asili ipi.

Kilichobaki bila kuisha ni mwendo. Wapiga piano wengi hupenda kasri likokote, na soprano, akiwa amesubiri ukurasa mzima, alitaka akokote pia. Kwa mapigo makubwa 44 kwa dakika, mawili kwa kila baa (yale sita madogo yakihesabiwa matatu matatu), kipande kinakaribia dakika tano, na fungu la baa nne linachukua karibu sekunde 11. Kwa mapigo 52 kipande ni dakika nne na kidogo, na fungu lilelile ni sekunde tisa. Sekunde mbili hizo, kwa mtu anayepuliza noti ya chini kwa sauti ndogo na hewa ya polepole, ni kubwa kuliko zinavyoonekana. Mussorgsky ameandika Andantino, mwendo wa kutembea. Kwenye nota nimeandika 52. Baritoni amepigia mstari namba hiyo mara mbili, na soprano kwenye karatasi yake ameizungushia duara na kuweka alama ya kuuliza.